Ripoti Zisizo na Mwenyewe

Ripoti ya kwanza isiyo na mwenyewe iliingia mchana, jua likiwa la utosi, na Noela akaisonya. Ningekuwa mimi ningesonya pia. Mtu gani mwenye akili zake anashtushwa na mstari mmoja wa maandishi kwenye kompyuta, tena kabla hajala?

Ofisi yao ilikuwa Geita mjini, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Vyumba viwili, feni moja mbovu, na bosi anayeitwa Theonest, mtu wa kunyoosha hata nyaya za chaja zisipishane. Walikuwa wametengeneza programu ya simu kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Msimamizi anakaa mdomoni mwa duara, yaani shimo lenyewe la kuchimbia, simu mkononi. Mchimbaji akishuka, msimamizi anabonyeza jina lake, panaandikwa AMESHUKA. Akitoka, panaandikwa AMEPANDA. Ardhi ikititia, watu wasianze kuulizana nani yuko chini na nani kalewa nyumbani kwake. Kitu kizuri, sikatai.

Tatizo, programu yenyewe ilikuwa inagoma. Iko katikati ya kazi, mara inajifunga. Na kila ikijifunga inatuma ripoti ofisini: simu gani, toleo gani la programu, mahali gani, kimo gani, ilikuwa inafanya nini, nini kimetupwa kutoka kwenye kumbukumbu yake, na ilikuwa inamshughulikia nani. Ripoti hizo zilikuwa zimerundikana kwenye seva kama pumba nje ya mashine ya mpunga, hakuna anayejua kilichomo. Noela ndiye aliyepewa kazi ya kuzipanga. Kila kipande kiingie kwenye safu yake, zinazofanana zikae pamoja, ili siku mtu akiuliza simu zipi zinagoma na kwa sababu gani, jedwali lijibu.

"Ila sikiliza, Mama Mageni," Theonest alimwambia mapema kabisa. "Ripoti isiyo na jina la mtu haiingii kwenye jedwali langu. Nimeshafunga. Safu ya jina ikiwa tupu, seva inakataa."

"Na zikija tupu?"

"Zije tupu vipi? Programu haiwezi kushusha mtu asiye na jina."

Basi ile ya mchana ilikuja tupu. Jina, hakuna. Aina ya simu, hakuna. Toleo la programu lilikuwa lile la majaribio ambalo walishaliacha zamani. Kazi iliyokuwa inafanyika: kushusha mtu. Kimo kilikuwa chini ya uso wa ardhi ya pale mahali, chini sana, utadhani simu imezikwa. Noela alijua simu hukosea kimo, akacheka kidogo, akaiweka kando. Kabla ya jioni zikaja nyingine. Kesho yake zikamiminika. Zote zilikuwa zinashusha mtu, na mtu hana jina.

Angeweza kuziacha. Lakini Noela alikuwa na ugonjwa wa watu wa kazi ile, halali kitu kikiwa hakijapata mahali pake. Halafu wakaguzi wa usalama wa machimbo walikuwa wanakuja Jumatatu, na Theonest alitaka wakute jedwali lililokamilika. Kwa hiyo alizifunga zote kwenye jina moja la majaribio lililokuwemo kwenye mfumo, ili seva izikubali, akajiambia atazirudia akipata nafasi.

Jina lenyewe lilikuwa Mageni. Binti yake wa kumzaa.

Weee, msianze kumlaani, ngojeni kwanza. Mwanzoni kabisa ofisi ilikuwa inajaribia programu kwa majina ya kubuni. Wakampelekea simu ya majaribio mzee mmoja mwenye duara upande wa Kharumwa, anaitwa Benjamini. Mzee akasoma jina la kwanza kwa sauti, pale pale mdomoni mwa shimo, akauliza huyu ni nani. Wakamwambia si mtu, ni jina tu. Mzee alikasirika akataka kuwatimua. Machimboni huiti jina lisilo na mtu juu ya shimo, maana litaitikiwa, na anayeitikia hutamjua. Tangu siku hiyo Theonest, ambaye kwa usomi wake wote hakutaka ugomvi na wenye maduara, akaamuru majaribio yatumie watu walio hai, wanaoonekana kwa macho. Yeye akawaandika wapwa zake. Noela akamwandika mwanawe wa pekee, wa darasa la pili, na picha akiwa na sare ya shule. Waliruka majivu wakakanyaga moto.

Jumamosi ile Mageni alikuwa amekaa uani anakula michembe, viazi vikavu alivyoletewa na bibi yake kutoka Shinyanga. Noela anafua. Kipande kikasimama kabla ya kufika mdomoni.

"Mageni, utamwaga sahani."

Mtoto alikuwa ameganda, macho wazi, kope hazipigi, mate yanashuka taratibu kidevuni. Na pale uani, jua linawaka, nguo zinakauka kwenye kamba, pakanuka udongo mbichi na baruti. Haikuwa harufu ya kuletwa na upepo kutoka kwa jirani. Ilitoka kwa mtoto.

Noela hajamfikia, Mageni akapepesa macho, akamtazama, akasema kwa adabu zake zote, "Shikamoo mama. Kumekucha?"

Ilikuwa alasiri. Mtoto akaangalia mkono wake. "Hiki nini?"

"Michembe, ng'wanawane, mwanangu. Si ndiyo unayoipenda?"

"Sijawahi kula," Mageni akasema, akakiweka chini.

Edson, mume wa Noela, alikuwa dereva wa fuso la kubeba mawe ya wachimbaji. Alisema ni malaria imepanda kichwani, wakakimbilia hospitali. Malaria haikuwepo. Wakapewa dawa za kifafa, na mtoto akazinywa bila kulia, na kuganda hakukukoma. Anaganda akiwa anachana nywele, anaganda akiwa katikati ya sala ya chakula. Kila akizinduka ni shikamoo mama, kumekucha, kama vile siku ndiyo inaanza, na kila mara kuna kitu kimepungua ndani yake. Alisahau kufunga vifungo vya shati. Alimsahau mwalimu wake, Mwalimu Apolonia, aliyekuwa anamtaja kutwa nzima mpaka unachoka. Na chini ya kitanda chake, chini ya sakafu ya saruji, palianza kugongwa. Ngo. Ngo. Kama mtu anayepasua mwamba bila haraka. Noela alilaza sikio sakafuni akasikia, akamwita Edson, Edson akalaza lake, wakatazamana pale chini wote wawili.

Jumapili jioni Edson aliingia na mkate mkononi. Mageni akakimbia akajificha nyuma ya mama yake.

"Mama," akanong'ona, "yule baba ni nani?"

Edson alitoka nje akaegemea ukuta, akalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwanamume akilia uani kwake majirani wakimwona, jua hana tena pa kuuficha.

Jumatatu asubuhi, kabla ya wakaguzi, Theonest alikuwa na furaha. "Hebu liulize jedwali swali, Mama Mageni, tuone linavyojibu. Uliza jina gani linaongoza kwa ripoti."

Noela akauliza. Jedwali likajibu: Mageni. Juu ya wote, kwa mbali, ripoti zinaendelea kuingia hata wakati anatazama. Akafungua safu ya muda akaona Jumamosi alasiri. Akaona muda wa sala ya chakula. Akafungua safu ya kumbukumbu, ile inayoonyesha programu ilitupa nini ilipojifunga, ambayo siku zote huwa namba na herufi zisizoeleweka, na humo mlikuwa na Kiswahili safi. Michembe. Vifungo vya shati. Mwalimu Apolonia. Baba.

"Theonest," akasema. "Theonest, njoo."

Theonest alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Umeandika wewe haya?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Niandike mimi? Niandike hivyo juu ya mwanangu?"

"Punguza sauti."

"Mbona na wewe unanong'ona?"

Theonest alivuta kompyuta, akaingia kwa nywila yake ya mkubwa wa mfumo, akabonyeza kumfuta Mageni. Seva ikakataa, na ilivyokataa ikaandika: Mtu huyu hafutiki, yuko chini. Theonest aliapa kwa Mungu wake kwamba hajawahi kuandika maneno hayo popote kwenye ile programu.

Noela alichukua simu ya ofisini, akafungua programu, akatafuta picha ya mwanawe mwenye sare. Chini ya picha paliandikwa AMESHUKA. Basi atapanda, akasema, atapanda sasa hivi, akabonyeza AMEPANDA. Kioo kikaganda, programu ikajifunga, na pale kwenye kompyuta ripoti mpya ikaingia, Mageni, wimbo wa shule. Akafungua tena akabonyeza tena, ikajifunga, ikaingia nyingine, Mageni, rangi ya kijani, na yeye akabonyeza tena kwa sababu mikono yake haikujua kitu kingine cha kufanya, na Theonest anamwambia acha, acha Mama Mageni, anamshika mkono, na simu yake mwenyewe ndani ya mkoba inaita inaita mpaka akaipokea, akasikia Edson anahema kama aliyekimbia, anasema mtoto anaganda anazinduka anaganda anazinduka, hamalizi hata shikamoo, mke wangu, hamalizi, unafanya nini huko, chochote unachofanya acha.

Aliacha. Simu ya ofisini ikamponyoka ikaanguka mezani, na nyumbani mtoto akatulia.

"Ni mimi," Noela akasema. "Jamani, ni mimi ninayemmaliza."

Wakaguzi walipofika waliambiwa mfumo una matatizo. Theonest mwenyewe ndiye aliyetafuta mahali ripoti zinakotoka, na hapakuwa pagumu kupata, zote zilitoka nukta moja: duara la mzee Benjamini, Kharumwa. Noela alipita nyumbani akamchukua Edson na mtoto, wakapanda fuso, wakaenda. Njiani Mageni alikuwa amekaa katikati yao anatazama barabara, hatambui kitu.

Duara lilikuwa limezibwa kwa magogo na miiba. Mzee Benjamini alikuwa amekaa mbali nalo, kwenye kivuli cha kibanda, na alipoona fuso hakuinuka.

"Shikamoo baba," Noela akamwamkia.

"Marahaba. Nyie ni wale wa simu." Akamtazama mtoto kwa muda. "Simu yenu ilinichomoka mkononi ikaanguka humo. Siku niliyoamua kulifunga."

"Limefungwa tangu lini? Mbona simu inatuma ripoti?"

"Mimi sijui mambo ya ripoti, mwanangu. Najua la kwangu." Alishusha sauti, akawa anaongea kama yuko kanisani. "Nilipolifungua nilileta mtu wa dawa kutoka mbali. Akaniambia mali ya humu ina mwenyewe, na mwenyewe ni jini, linataka mtu. Mimi nikajitia ujanja. Nikasimama hapo mdomoni nikaliambia, utapewa mtu. Sikutaja jina. Jini halichukui asiyetajwa. Nikachimba, na kila nikishuka nalisikia chini yangu linauliza. Nani? Nani? Taratibu hivyo hivyo, halichoki. Nikakimbia."

"Na sasa?"

"Naona limeendelea kuuliza kwa simu yenu," mzee akasema. "Na nyie mkajibu."

Edson alimkamata shati mzee wa watu, akamtikisa, akamwita muuaji. Benjamini hakujitetea. Alisema tu kwamba kumpiga hakutamrudisha mtoto, na kwamba kule juu ya kilima anakaa mama mmoja, Mbuke, mganga, ambaye alishamsihi zamani aje walimalize jambo lile, ila yeye Benjamini akaona aibu kwenda.

"Sisi ni watu wa kanisa," Edson akasema.

"Mtoto wako hajui kama wewe ni baba yake," Noela akamjibu. "Washa gari."

Mbuke walimkuta anapepeta mtama, amevaa sweta la kijani juu ya kitenge. Hakuwa na vibuyu mlangoni wala manyoya kichwani. Aliwasikiliza huku anapepeta, na Noela alimweleza yote, jedwali, safu tupu, jina alilojaza, akitegemea hataelewa. Alielewa kuliko Theonest.

"Kwetu mtoto akilia usiku na mchana bila ugonjwa," alisema, "tunajua kuna mkubwa aliyekufa anataka jina lake lirithiwe. Tunampa mtoto jina hilo, ananyamaza. Umezaliwa Usukumani, unajua. Jina ni kamba, linamfunga aliye huku na aliye kule. Wewe kamba ya mwanao umeitupa kwa kitu ambacho hakijawahi kuzaliwa wala kufa. Sasa kinavuta."

"Nitaifutaje, mayo, mama yangu?"

"Jina halifutwi. Linaachwa. Jini likae nalo, mtoto apewe jingine."

Edson alishika kichwa. Mageni lilikuwa jina la bibi yake, aliyemlea. "Nimwachie jini jina la bibi?"

"Chagua," Mbuke akasema, akaingia ndani kuchukua wembe.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipolifungua duara. Mtoto alikuwa amenyolewa, amepakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, amefungwa kitenge kipya, na sare yake ya shule imefungiwa jiwe. Mbuke akamsimamisha akilipa shimo mgongo, Edson mbele yake amemshika mabega. Akawaambia: mama atamwita mtoto kwa jina lake ndani ya shimo. Mtoto asiitikie. Akiitikia, basi. Wala wasimzibe mdomo, anyamaze mwenyewe.

"Mwanangu," Noela alimwambia mtoto sikioni, "mama atakuita. Usiitike. Unasikia? Hata nikilia."

"Ndiyo mama," mtoto akasema.

Noela akasogea mdomoni. Chini kulikuwa na giza, na kutoka kwenye giza lile ilipanda ile harufu, udongo mbichi na baruti, ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na kule chini kabisa palikuwa pakigongwa, ngo, ngo, bila haraka, na alipofungua mdomo kugongwa kukakoma ghafla, kama mtu aliyeweka nyundo chini ili asikie vizuri. Akatupa sare. Hakusikia ikifika.

"Mageni!"

Nyuma yake mtoto alishtuka. Edson aliona midomo ya mwanawe inafunguka, kwa sababu kitu hicho kimoja kilikuwa bado hakijachukuliwa, sauti ya mama yake na jina lake, na kila mtoto mwenye adabu amefundishwa akiitwa aitike, na yeye Edson ndiye aliyemfundisha hivyo, kwa fimbo wakati mwingine, na sasa alikuwa amemkodolea macho anamwomba kimoyomoyo asiwe na adabu, na midomo ile midogo inatetemeka, inafunguka, inajifunga, na Noela akaita tena, "Mageni! Mageni ee!", sauti inapasuka, na kutoka chini, mbali, laini, sauti ya msichana wa darasa la pili ikajibu.

"Abee mama."

Mtoto aliyeshikwa na Edson alikuwa amefunga mdomo. Machozi yanamtiririka, mdomo umefungwa.

"Usijibu. Tembea," Mbuke akamwambia Noela. "Usigeuke. Tembea, mwanamke!"

Ikabidi Noela ageuze mgongo. Akatembea, na ile sauti ikapanda nyuma yake, ile ile ya mwanawe, na kigugumizi chake kidogo cha kwenye M, inasema mama kuna giza huku, mama unakwenda wapi, mama mbona unaniacha, mama mimi Mageni, na yeye akijua kabisa si mwanawe, mwanawe yuko pale mbele anamwona kwa macho yake, magoti yakawa yanataka kurudi, na Mbuke akamkamata kiunoni akamvuta kama anavuta ng'ombe kwenye tope mpaka wakafika kwenye fuso, na hata mlango ulipofungwa bado walikuwa wanasikia.

"Mpe jina," Mbuke akasema, anahema.

Noela hakuwa ameandaa jina. Alimkumbatia mtoto, akasema neno lililokuwa limemkaa mdomoni tangu asubuhi. "Sikujua," alisema. "Sikujua, mwanangu. Sikujua."

"Sikujua ni jina, wapo wengi," Mbuke akasema. "Basi ni Sikujua. Na mnisikilize wote wawili. Lile jina lisitajwe nyumbani kwenu. Na msimsimulie mtu mlivyomtoa. Mtu yeyote. Siku mkiitoa siri kwa mwingine ili naye amtoe wa kwake, jini litabaki mikono mitupu, na litamrudia huyu, ndiye lililomzoea."

"Wabeja, mayo," Noela akamshukuru. "Wabeja sana."

Mtoto hakuganda tena. Vilivyochukuliwa havikurudi, ila alijifunza upya, polepole, kufunga vifungo, kuimba. Edson alijitambulisha kwake kama mgeni, akamletea zawadi, akamzoea, na siku alipomwita baba, mzee mzima alifurahi akawanunulia soda watoto wa mtaa mzima. Chini ya sakafu pakanyamaza. Walihama nyumba hata hivyo.

Nisingependa kuendelea, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ofisini ripoti zilikoma. Kisha siku moja Theonest akamwita, amefunga mlango. "Mama Sikujua, njoo uangalie ramani."

Zilikuwa zimeanza tena. Jina lile lile. Ila hazikutoka tena nukta moja. Zilitoka Buseresere, Kolandoto, Shinyanga mjini, vijiji ambavyo havina duara hata moja, na kimo kilikuwa cha juu ya ardhi, cha majumbani mwa watu. Kwenye safu ya kumbukumbu: kuruka kamba. Bibi. Namna ya kunywa maji.

"Nimechomoa waya wa seva," Theonest akanong'ona. "Zinaingia."

Noela alikuwa bado anaitazama ramani.

"Lile jina wanalo watoto wangapi Usukumani? Nusu ya kanda. Mganga aliwaambia mfanye nini? Niambie, tuwatangazie wazazi wao redioni."

"Hakutuambia kitu," Noela akasema.

"Mama Sikujua."

"Nimesema hakutuambia kitu!"

Theonest alimtazama, na nadhani alielewa, maana hakuuliza tena. Mwisho wa mwezi aliacha kazi akarudi kwao. Noela alibaki, kwa sababu alitaka kuona kama lile jina la Sikujua litawahi kutokea kwenye safu. Halijatokea.

Ilibaki kumrudisha mtoto hospitali, daktari aamue kama aache dawa. Benchi lilikuwa limejaa. Nesi akatoka na mafaili, akaita, "Mageni!"

Wanawake kadhaa walisimama kwa pamoja, kila mmoja na mtoto wa kike mikononi au mgongoni. Watu wakacheka kidogo. Nesi naye akacheka, akatafuta jina la pili kwenye faili. Noela alikuwa amemkumbatia wa kwake, ameyaziba masikio yake kwa mikono yote miwili, anamsikia moyo wake unavyopiga.

Mmoja wa wale mama, si zamu yake, akarudi akakaa karibu na Noela. Msichana aliyempakata alikuwa macho wazi, hapepesi.

"Anaganda hivi," mwanamke akasema, bila kuulizwa. "Akizinduka ananiamkia kama kumekucha. Jana kanisahau mimi. Mimi mama yake." Akafuta mate ya mtoto kwa upande wa kitenge. "Wanasema labda ni kifafa. Wewe mama nani?"

"Mama Sikujua."

"Na wako, Mama Sikujua, anasumbuliwa na nini?"

Noela alimtazama yule mtoto. Alikuwa na bangili ya shanga mkononi, na jino moja la mbele limeng'oka, jipya linachomoza.

"Mafua," akasema. "Mafua tu."

"Mshukuru Mungu," mwanamke akamwambia. "Tuombee na sisi."

"Nitawaombea," Noela akasema, akainuka na mwanawe, akaenda kukaa benchi la mbali.